Viatu havijazwi: kutafsiri "fill someone's shoes"

Ukisoma "amejaza viatu vya kocha aliyeondoka", ujue mtafsiri alinaswa na neno "fill". Kwa Kiswahili kinachojazwa kwenye kiatu ni karatasi, kisije kikapoteza umbo. Mguu una vitenzi vyake: kiatu humwenea mtu, humbana au humpwaya.

Kabla hujaandika, jiulize: huyu mrithi ameiweza kazi, au ameipokea tu? "Fill someone's shoes" inadai kwamba ameiweza, tena kwa kiwango cha aliyemtangulia. "Step into someone's shoes" inasema ameingia, basi. Hapo ndipo "amerithi mikoba" inapokaa vizuri. Fikiria mkoba wa dawa wa mganga: mwanafunzi anaukabidhiwa leo, kama anatibu au hatibu tutaona. Ukiutumia mkoba huo kwa "fill", umemnyima mtu sifa yake. Andika "viatu vya mtangulizi wake vimemwenea", au "ameliziba pengo".

Pengo nalo lina mitego. "Ameliziba pengo la nahodha" ni sifa. "Anaziba pengo la nahodha" husomeka kama mtu wa muda, nahodha akiwa majeruhi. Ofisini, wa muda anakaimu. Ukitaka kuandika "amepokea kijiti", kumbuka kijiti kimetoka kwenye mbio za kupokezana, kwa hiyo kinataka makabidhiano. Aliyefukuzwa hakumpa mtu kijiti.

Inayosumbua kuliko zote ni "big shoes to fill", maana sifa iliyomo ni ya aliyeondoka. "Ana viatu vikubwa" humfanya msomaji atazame miguu. Igeuze sentensi: "Ana kazi kubwa ya kuziba pengo lililoachwa." Akishindwa, neno tunalo siku zote: amepwaya.

"Vaa viatu vyangu" ni jambo jingine, yaani yaone mambo kama ninavyoyaona. Siku hizi "kuvaa viatu vya" hubeba maana zote mbili, kwa hiyo taja cheo: "amevaa viatu vya mkurugenzi aliyestaafu" haimchanganyi mtu.

Kwenye nyaraka za bima, viatu viache kabisa. Kampuni iliyolipa fidia huambiwa "steps into the shoes" ya mteja, na hapo hakuna anayesifiwa. Andika wazi: "kampuni ya bima ikishalipa fidia, inachukua haki ya mteja ya kumdai aliyesababisha hasara."