Kamati ya mazingira hospitalini: mtaalamu wa lishe ana kazi gani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika hospitali moja hapa Mombasa. Uongozi umeunda kamati ya mazingira. Wamo mhandisi, afisa wa afya ya umma na mtu wa manunuzi. Nilipoomba kuingia nikaambiwa wao wanashughulikia umeme na taka, si chakula. Niwaeleze nini, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wamekosea, lakini usiende kubishana. Nenda na mizani.

Chagua wodi mbili, uweke ndoo tatu mahali sahani zinaporudishwa: ya ugali na wali, ya mboga, ya kitoweo. Pima kila mlo kwa wiki moja, kisha uliza kwa nini kimerudi. Mara nyingi tatizo si ladha. Jikoni hupakua kwa hesabu ya vitanda, kwa hivyo aliyeruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi bado ana sahani, na anayesubiri upasuaji, aliyekatazwa kula, naye anayo. Chakula cha jioni kikitoka saa kumi na moja, jamaa nao wako njiani na wali wa nazi na samaki wa kupaka, ugali wenu utaliwa na nani? Haya mhandisi hayajui. Wewe unayezunguka wodini ndiye unayeyajua, na orodha ya milo ikirekebishwa kila asubuhi kabla jiko halijawashwa, sufuria itapungua yenyewe.

Chakula kikifukiwa jaani, Mwakirunge au kwingineko, huoza na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Basi kama kamati ni ya taka, hoja ni yako. Geuza zile kilo ziwe shilingi kabla ya kikao. Mtu wa manunuzi ataelewa mara moja.

Baada ya hapo ingia kwenye menyu. Utafiti wa Poore na Nemecek, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2018, ulionyesha kuwa gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huzalisha, kwa wastani wa dunia, takribani kilo 50 za gesi zinazoongeza joto. Kwa jamii ya kunde haifiki kilo 1. Ng'ombe wetu wa malishoni wana hesabu yao, lakini pengo hilo haliwezi kufutika. Hospitali za umma za jiji la New York zilianza mwaka 2022 kutaja kwanza chakula kisicho na nyama. Anayetaka nyama hupewa. Sisi ndio ingekuwa rahisi zaidi: mbaazi za nazi, pojo na kunde ni vyakula vya watu hapa, havihitaji kampeni. Ila usiviite “mlo wa mazingira”, utaviharibia jina.

Kazi ya taaluma yako ni kuhakikisha mgonjwa hapunjwi. Madini ya chuma ya kunde hufyonzwa vizuri zaidi yakiandamana na ndimu au embe, na chai inayoletwa pamoja na chakula huyazuia. Icheleweshe kwa muda wa saa moja baada ya mlo. Vitamini B12 haimo katika pojo, kwa hivyo samaki, dagaa na mayai vibaki kwenye ratiba. Mwenye ugonjwa wa moyo apikiwe kwa tui jepesi, tui zito liache. Wa figo usimwingize katika mpango wa jumla. Soma vipimo vyake vya potasiamu kwanza.

Pitia pia maziwa ya lishe ya makopo. Mgonjwa huandikiwa akiwa hawezi kula, akapona, na kopo likaendelea kuja kwa sababu hakuna aliyelisimamisha. Kila unapoyaandika, weka tarehe ya kuyapitia.

Mwenye majeraha makubwa ya moto, na mtoto mwenye utapiamlo mkali aliye kwenye F-75 au F-100, yaani maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo, hao wasiguswe. Wanakamati wakitaka kupunguza huko, kataa, na ukatae kwa maandishi.