Shangazi, mtoto anajikuna usiku kucha na kabati limejaa mafuta

SWALI: Habari yako Shangazi, natumai uko salama. Niko Umoja na nina kijana wa mwaka mmoja na miezi minne. Hii kitu ilianza akiwa na miezi minne hivi, mashavu yakawa makavu ya kukwaruza nikadhani ni baridi tu, sasa imeshuka mpaka kwa viwiko na nyuma ya magoti, na vile yeye ni mweusi kama babake haionekani nyekundu, inakuwa kama kijivu alafu inageuka nyeusi na ngozi inakuwa ngumu. Usiku ndio balaa, anajikuna mpaka asubuhi napata madoa ya damu kwa shuka. Daktari alisema ni ekzema akaniandikia krimu, nikasoma karatasi ya ndani nikaona ni steroidi, zile dawa za kutuliza ngozi iliyochachamaa, nikaogopa nikaiweka kando. Tangu hapo nimejaribu aloe vera ya hapo nje, mafuta ya zeituni, siki ya tufaha, chumvi kwa maji ya kuoga, manjano na asali. Sasa jirani ananiambia kuna mama anauza krimu ya mitishamba, kikopo mia sita, na ati inamaliza kwa siku tatu. Mama mkwe naye anasema shida ni mayai nimwachishe. Mimi sipendi kemikali kwa mtoto, nifanye nini hapa nyumbani? – Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka mwanangu, kabla ya kitu kingine chochote, hiyo mia sita irudishe kwa pochi.

Ekzema, wengine wanaiita pumu ya ngozi, haimalizwi kwa siku tatu na jani lolote. Krimu isiyo na lebo inayosafisha mtoto kwa siku tatu mara nyingi imetiwa steroidi kali kimyakimya, za aina ya clobetasol, zile zile watu wanazitia kwa mkorogo wa kujichubua. Ukiipaka ngozi inang'aa, jirani anashangilia, ukiiacha inarudi kwa hasira kuliko ile ya kwanza, na ngozi ya mtoto inabaki nyembamba kama karatasi. Sasa ona vile ingekuwa: umekimbia steroidi hafifu ambayo daktari ameandika na kiasi chake kinajulikana, ukaenda kununua kali ambayo hata anayeiuza pengine hajui iko ndani. Nimefanya kazi ya nesi kliniki ya watoto miaka mingi na hao akina mama walikuwa wanafika kwangu kila wiki, kikopo kwa mkono, hakina jina.

Sasa tuongee juu ya ngozi yenyewe. Mtoto kama Baraka anazaliwa na ngozi inayovuja, kama ule mtungi wa udongo unaotoa jasho nje. Maji ya ndani yanatoka ndio maana anakauka, na sabuni, vumbi na jasho vinaingia ndio maana anawashwa. Si wewe umekosea, mara nyingi ni ya ukoo, uliza kama kuna mtu kwenu au kwa babake ana pumu au anapiga chafya kila msimu wa vumbi, utampata tu. Wengi inawapungua wakikua. Kwa hivyo kazi yako hapo nyumbani ni moja, kuziba mtungi, na mtungi unazibwa kwa mafuta mengi, mengi mpaka uone kama unaharibu.

Tupitie hiyo orodha yako. Siki na chumvi acha leo, hiyo ni kumwagia mtoto moto kwa kidonda. Aloe vera utomvu wake wa manjano unawasha, ata mtu mzima humuwasha. Manjano inapaka rangi kila kitu na hutaona tena ngozi ikibadilika, na asali kwa ngozi inanata tu (na kwa wengine wanaosoma, asali usimlambishe mtoto ambaye hajamaliza mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka ashindwe kupumua). Mafuta ya zeituni najua yatakushangaza maana kila mtu anayasifu, lakini Chuo Kikuu cha Sheffield huko Uingereza waliwapaka watu wazima matone yake mara mbili kwa siku wakakuta yanadhoofisha ule ukuta wa ngozi, waliandika 2013. Yaache kwa saladi.

Ya nazi ndiyo ningekuachia. Yale yaliyokamuliwa bila kupikwa, yanayonukia nazi yenyewe. Kule Ufilipino walijaribu kwa watoto 117 wenye ekzema isiyo kali, wiki nane, na yalifanya vizuri kuliko mafuta ya madini (kama baby oil), hiyo ilichapishwa 2014. Hapa Nairobi asubuhi ya Julai utayakuta yameganda kwa chupa kama samli, usidhani yameharibika, chota na kidole uyashike kwa kiganja yatayeyuka. Kama pesa imebana, jeli nyeupe ya kawaida isiyo na harufu, au hata ile ya kukamulia ng'ombe kama haina marashi, inafanya kazi vizuri sana na mimi siionei aibu. Kitu kikubwa ni kiasi. Mtoto mwenye ekzema anahitaji kama robo kilo ya mafuta kwa wiki, ndiyo, robo, pima kama sukari, na akina mama wengi ninaokutana nao wanamaliza kikopo kidogo kwa mwezi alafu wanasema mafuta hayasaidii. Paka asubuhi, mchana na usiku, kila ukibadilisha nepi pia, kushuka chini kufuata vinyweleo, usisugue. Chota na kijiko safi si vidole, maanake vidole vinaingiza vijidudu kwa kopo. Na kitu kimoja watu hawaambiwi: nguo na shuka zilizolowa mafuta zinashika moto haraka mno, kwa hivyo usimkalishe karibu na jiko.

Kuoga sasa. Mara moja kwa siku inatosha, maji ya vuguvugu unayojaribu na kiwiko, dakika tano mpaka kumi, basi. Najua baridi ikiingia sote tunataka maji ya moto yanayotoa moshi, lakini hayo ndiyo yanatoa hata yale mafuta kidogo aliyokuwa nayo. Sabuni ya kipande na zile za dawa zenye harufu kali weka mbali naye.

Kama unataka kitu cha asili hapa ndipo kipo, na kiko dukani hapo chini kwako: oti za uji, zile tupu zisizo na sukari wala ladha. Binti yangu alikuwa hivi hivi miaka ile, na nilikuwa nachukua soksi safi ya babake, natia vijiko vikubwa vinne, nafunga fundo, natupa kwa beseni maji yakiwa bado ya moto kidogo. Yakipoa unaikamua ile soksi na mkono na maji yanageuka meupe kama maziwa, yanateleza kama bamia. Mlaze humo, umwagie na kikombe kwa viwiko na magoti, ukiikamua ile soksi polepole juu ya mahali panapowasha. Ukiwa na blenda unaweza kuzisaga kabisa, ujaribu kijiko kimoja kwa gilasi ya maji, yakiwa meupe bila kutuama chini zimesagika sawa. Shika mtoto vizuri tu maanake beseni linateleza vibaya. Akitoka usimsugue na taulo, mgusegusie, akiwa bado na unyevu mpake mafuta hapo hapo, usiende kwanza kuangalia ugali.

Usiku mkate kucha fupi kila siku tatu nne, mvalishe soksi za pamba kwa mikono, na nguo ya ndani iwe pamba. Sweta za sufu na zile blanketi za manyoya ndizo zinamwasha, kama lazima avae sweta weka tisheti ya pamba ya mikono mirefu ndani, Gikomba utapata za mitumba laini kuliko mpya. Nguo zake suuza mara mbili poda itoke.

Nakuja kwa ile krimu uliyoificha. Toa, soma jina. Kama ni hydrocortisone ya asilimia 1 hiyo ndiyo dhaifu kabisa ya kundi lake, na inapakwa mahali palipochachamaa tu, kwa siku alizosema daktari, alafu unaacha na kuendelea na mafuta. Kipimo ni rahisi: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Subiri kama nusu saa kati yake na mafuta. Mama Baraka, mtoto kutolala miezi na damu kwa shuka ni madhara pia, hayo hatuyasomi kwa karatasi ya ndani ndio maana hatuyaogopi. Kama jina ni lingine au ni ya usoni, rudi kwa aliyekuandikia uulize, si kwa jirani.

Mayai? Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba kama akila yai havimbi midomo, hatapiki wala hatoki mabaka ndani ya saa mbili hivi, usimnyime. Watoto wengi wamekondeshwa bure hivyo na ngozi ikabaki vile vile. Ukiona hizo dalili ni daktari anafanya vipimo.

Na usiku huo huo usingoje asubuhi: ukiona vijipele vya maji vidogo vidogo vimekusanyika, vinafanana, vinauma, na joto limepanda, peleka hospitali, hiyo ni herpesi, kirusi cha vidonda vya homa, imeingia kwa ekzema. Ndio pia kwa nini mtu mwenye vidonda vya homa kwa mdomo asimbusu mtoto, hata kama ni shosho. Usaha au maganda ya manjano kama asali iliyokauka, hayo pia yanataka dawa ya hospitali, mafuta hayatoshi.

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka mitatu anajikuna sana, na sasa mimi na mamake pia tumeanza, hasa usiku na katikati ya vidole. Kumbe ekzema inaambukiza? – Baba Neema, Kasarani

JIBU: Haiambukizi, Baba Neema. Nyumba nzima ikijikuna usiku, katikati ya vidole, kwa kifundo cha mkono na kiunoni, mimi nadhani ni upele, wale wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Nendeni nyote mkaangaliwe, na kama ndio wenyewe mtapewa krimu ya permethrin au ile dawa nyeupe ya maji ya benzyl benzoate, mtoto ya kwake mfuate vile ameandikiwa. Mnapaka wote siku moja, hata dada wa kazi na hata yule asiyewashwa, kuanzia shingoni kushuka mpaka katikati ya vidole vya miguu na chini ya kucha, permethrin inalala usiku kucha, alafu mnarudia baada ya wiki. Shuka na nguo za siku hizo fueni kwa maji moto, zile hazifuliki mfunge kwa mfuko wa plastiki siku tatu mpaka nne. Mtaendelea kujikuna wiki mbili tatu hata wadudu wakishakufa, msirudie dawa kila siku kwa sababu ya hilo. Na mkishapaka msioshe mikono, mkiosha pakeni tena, hapo ndipo wengi wanarudishwa mwanzo.