Kabla ya kufunga turbo, pima ringi

Injini ya kwanza niliyoiunda mwenyewe iliishi kilomita 900. Nilikuwa nimefunga turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), pistoni ngumu za mbio na injekta kubwa, nikajiona fundi. Siku hiyo nilikuwa gia ya nne, mafuta nimekanyaga hadi mwisho, nikasikia mlio kama bati linalochanika. Nikitazama kioo, nyuma kote moshi wa bluu.

Tulipoifungua tukakuta pistoni ya tatu imemeguka juu, pale pale inapokaa ringi, ile pete ya chuma inayoziba kati ya pistoni na silinda. Kila mtu alisema petroli haikutosha. Haikuwa petroli. Ni mimi na fila geji yangu, kile kipimo cha mianya midogo.

Ringi ya pistoni si duara kamili. Ina mwanya mdogo mahali ncha zake zinapokaribiana, na ikipata moto inatanuka, mwanya unapungua. Turbo huleta joto zaidi, kwa hiyo mwanya wa injini ya kawaida hautoshi tena. Silinda zangu zina kipenyo cha milimita 86. Niliacha mwanya wa milimita 0.30 nikifurahi jinsi unavyobana, kumbe kwa turbo ilitakiwa karibu 0.50. Ncha zikagusana, ringi ikakosa pa kutanukia, ikang'ang'ania ukuta wa silinda na kung'oa kipande cha pistoni. Mwanya ukizidi kidogo, unapoteza nguvu usizozihisi. Ukipungua kidogo, umeua injini. Fuata karatasi iliyokuja na pistoni, na upime kila ringi ndani ya silinda itakayokaa, ukiisukuma chini kwa pistoni ili ilale sawa. Ukipiga tupa, piga ncha moja tu, kisha lainisha kingo. Ni kazi ya jioni nzima na inachosha. Ifanye.

Kemshafti, shafti inayofungua vali, nitaisema kwa ufupi, maana hapo watu hawasikii: usichukue kubwa kuliko zote. Ile inayoamka mizunguko 5,000 kwa dakika ni tamu kwenye uwanja wa mbio, lakini gari la barabarani hukaa muda mwingi chini ya 4,000, na kwenye foleni litakuwa linatetemeka kama lina homa.

Kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli usibahatishe. Ukiendesha taratibu, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli ni sawa. Turbo ikijaza, unataka petroli zaidi, karibu 11.5 hadi 12 kwa 1, na taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, irudishwe nyuma kiasi. Funga sensa ya kupima moshi wa ekzosi, ikuonyeshe mchanganyiko huo, kabla hujanunua kitu chochote cha kung'aa. Ukisikia injini inagonga kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, ondoa mguu papo hapo. Kugonga kule hutoboa pistoni kwa muda mfupi sana.

Injini ikiwa mpya, usiiache inanguruma tu palepale ilipo. Ringi hukaa sawasawa kwenye ukuta wa silinda injini ikiwa na mzigo: panda kilima, kanyaga nusu, achia gari lipungue lenyewe, rudia. Mimi hutumia oili ya kawaida isiyo sintetiki, na naimwaga baada ya safari ya kwanza tu.

Baada ya hapo, matunzo ni subira zaidi ya pesa. Geji ya joto la maji ikifika katikati, oili bado iko nyuma, kwa hiyo mimi hungoja dakika kumi zaidi kabla ya kukanyaga. Baada ya mbio naendesha pole kilomita mbili za mwisho ili turbo ipoe. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, hata kama dumu limeandikwa 10,000. (Mke wangu anasema injini inakunywa vizuri kuliko wageni.)

Na filta ya oili situpi hivi hivi. Naipasua, natandaza karatasi yake juani na kuikagua. Chembe chache za rangi ya fedha kwenye injini mpya hazinisumbui. Injini niliyonayo sasa imefika kilomita 41,000, na Jumamosi iliyopita nilikuta vumbi la rangi ya shaba. Hiyo ni beringi imelika hadi tabaka la ndani. Presha ya oili bado iko juu, gari linavuta kama kawaida, lakini sampu, bakuli la oili chini ya injini, inashuka wikendi hii.