Maji ya samaki ni kachumbari, si ugali: mbolea za kuchachusha kwenye udongo wa luseni

Kwa mkazi wa Mwanza, matumbo ya sato na vichwa vya sangara si kitu cha kutafuta kwa tochi. Molasi nayo ipo kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Ndiyo maana wengi wanaoacha urea huanza na maji ya samaki yaliyochachushwa, kisha wanayakatia tamaa: wamepiga bomba tatu, nne, na mchicha bado wa njano. Ndoo ya kuchachushia haina kosa. Hesabu ndiyo haikupigwa.

Samaki ana protini kama asilimia 16, na protini yenyewe ina naitrojeni, chakula kinachokuza majani, kama asilimia 16. Kilo moja ya samaki, basi, ina naitrojeni gramu 25 hivi. Ukiichanganya na molasi nusu kwa nusu, kila kilo ya mchanganyiko inabaki na gramu 12 au 13. Bomba la lita 15 unalitilia mililita 30. Naitrojeni uliyopuliza shamba zima haifiki hata gramu moja! Debe la samadi kavu ya ng'ombe, kilo 10, lina gramu 100 au zaidi, ingawa inatoka kidogo kidogo. Maji ya samaki ni kachumbari. Ugali uko kwenye udongo.

Na udongo wetu ndio wenye shida. Kwenye miinuko ya Ilemela na Nyamagana tunalima juu ya luseni, mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe haya haya tunayojengea nyumba katikati yake. Hauna mfinyanzi wa kutosha kushika chakula, kwa hiyo mvua moja kubwa ya masika inapitisha kila ulichomimina hadi chini ya mizizi. (Walio kwenye mbuga nyeusi, udongo mzito wa mabondeni, wana shida nyingine, ya maji kutuama. Haya si ya kwao.) Mchanga unahitaji kwanza kitu cha kushikia: mboji, na mkaa wa maganda ya mpunga.

Maganda yanapatikana kwenye mashine za kukoboa. Yachome polepole, na mara yanapokuwa meusi mwagia maji. Ukichelewa yanageuka majivu meupe, na majivu si mkaa. Kisha tengeneza bokashi, mbolea ya lundo iliyochachushwa: udongo wa juu debe 4, samadi kavu debe 4, maganda ya mpunga yasiyochomwa debe 4, mkaa wa maganda debe 1, pumba laini debe 1. Koroga molasi lita 1 na hamira vijiko vinne vya chakula kwenye maji ya uvuguvugu, nyunyiza huku unageuza kwa koleo. Majivu usiweke humu; yakikutana na samadi yanafukuza naitrojeni hewani, na harufu kali ya mkojo utakayoisikia ndiyo mbolea yako inaondoka.

Kipimo cha maji ni mkono. Finya: lishikamane kama tonge, lisidondoshe tone. Likidondosha, ongeza maganda makavu. Lundo liwe chini ya kivuli, kimo kisichozidi nusu mita, lifunikwe viroba. Siku ya pili litakuwa la moto. Chomeka nondo katikati kwa dakika 10. Kama huwezi kuishika ukaendelea kuishikilia, joto limezidi, geuza na ulitandaze. Siku nne za kwanza geuza asubuhi na jioni, baadaye mara moja kwa siku. Kati ya wiki mbili na tatu linapoa na kunuka kama udongo baada ya mvua. Likipoa siku ya tatu tu halijaiva, limekauka, rudishia maji. Tuta la mita 1 kwa 10 linatosha debe 3, zichanganywe na udongo wiki moja kabla ya kuhamishia miche.

Sasa ndoo ya maji ya samaki. Chukua matumbo, mashavu na vichwa vibichi vya siku hiyo hiyo. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara, usitegemee kuyakuta, hayo yalishauzwa kabla hujafika. Nyongo itoe. Dagaa waliotiwa chumvi waache, chumvi itabaki kwenye tuta lako. Katakata vipande vidogo, pima kilo 7, tia kwenye ndoo ya lita 20 na molasi kilo 7. Hapa wengi wanakosea: molasi ni nzito kuliko maji, kilo 7 ni lita 5 tu. Anayepima kwa jicho anaweka lita mbili, na wiki inayofuata majirani wanakuja kuuliza nini kimekufia uani. Sukari nyingi ndiyo inayozuia bakteria wa kuozesha hadi wale wa kuchachusha washike usukani. Maji usiongeze hata kikombe, yanaipunguza nguvu sukari. Maganda ya nanasi kilo moja yanasaidia nyama kuyeyuka haraka.

Theluthi ya juu ya ndoo ibaki tupu kwa ajili ya povu. Funga kitambaa kizito kwa mpira wa baiskeli, inzi wasipenye, kisha weka jiwe juu maana paka hawatakupumzisha. Dumu lililokazwa kifuniko linavimba na linaweza kupasuka. Koroga kila siku wiki ya kwanza. Harufu iwe ya uchachu mtamu. Ikigeuka ya mzoga, ongeza molasi kilo 2, koroga, subiri siku tatu. Isipobadilika, izike kwenye lundo la mboji. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili chuja kwa kitambaa. Sangara ana mafuta mengi, yatakaa juu: yaenguliwe, la sivyo yanaziba pua ya bomba na kuunguza majani jua likiwaka. Mifupa iliyobaki ipeleke kwenye mboji.

Gugumaji ni malighafi nzuri ya mboji, lina potasiamu nyingi, lakini nina masharti nalo. Usivune karibu na Mto Mirongo unapoingia ziwani, wala jirani na maji ya uchenjuaji wa dhahabu: mmea huu unafyonza metali nzito, hasa mizizini. Kata mizizi uiache. Vuna kabla ya maua ya zambarau, mbegu zake zinaishi miaka mingi. Vaa gambuti na glavu, konokono wa kichocho hupenda kukaa humo. Lianike siku tatu au nne kwanza. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na likiwekwa bichi lundo linakuwa uji unaonuka. Lundo lenyewe lisiwe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na rutuba inayotiririka humo ndiyo inayolisha gugumaji jingine.

Tuta likishakuwa na bokashi, maji ya samaki yanaanza kuonekana kazi yake: mililita 30 kwa bomba la lita 15 juu ya majani, jioni, kila siku 10, au mililita 100 kwa ndoo ya lita 20 kumwagilia shinani. Jaribu kwanza miche mitano, subiri siku mbili. Nyanya na hoho zikianza maua, acha. Ukiendelea utapata majani ya kupendeza na matunda ya kuhesabu. Mchicha, chainizi na figiri usizipulize ndani ya wiki mbili kabla ya kuvuna.