Circles ya Mac Miller si mabaki ya studio

Kaka, umeuliza kama Circles ya rapa Mmarekani Mac Miller ni albamu kweli au ni vipande vilivyookotwa studio baada ya kifo chake. Ni albamu kweli. Mac alifariki Septemba 7, 2018, akiwa na miaka 26, mwezi mmoja tu baada ya kutoa albamu ya Swimming. Circles alikuwa ameshaianza kama pacha wa ile, pamoja na mtayarishaji Jon Brion. Brion ndiye aliyeimalizia kwa kufuata waliyokuwa wameongea, ikatoka Januari 17, 2020. Ndiyo maana hukuti msururu wa wageni waliobandikwa kuziba mapengo, ugonjwa wa albamu nyingi za marehemu.

Kama unatafuta kuchana kwa kasi, utachoka mapema. Humu anaimba zaidi, kwa sauti ya chini, na ngoma zimepunguzwa. Anza na Good News: nyuzi za gitaa zinadonolewa taratibu, naye analalamika kwamba watu wanataka kusikia habari njema tu, hawataki kumwona akiwa chini. Everybody ni wimbo wa zamani wa Arthur Lee, mwimbaji wa bendi ya Love, kuhusu kuishi na kufa. Ile piano, ukiisikia huku unajua yaliyompata, inakaba koo. (Mimi huwa nauruka nikiwa kwenye daladala.)

Ila usiisikilize kama wosia. Hakuwa anaaga, Surf na Hand Me Downs ni za mtu anayepanga kuendelea. Na sikiliza Swimming kwanza, zinashikana.