Mizani ya 8 ikipanda kwenye MMPI-2, usijipe jina la ugonjwa kabla ya kikao

Mkuu, umesema umepewa grafu ya MMPI-2, kile kipimo cha kisaikolojia cha kauli za kujibu "kweli" au "si kweli", ambacho majibu yake hugawanywa katika mizani zenye namba; mizani ya 8 imefika 74, ukatafuta maana yake ukakutana na neno "skizofrenia", jina la ugonjwa wa akili, na kikao cha kuelezwa matokeo ni wiki ijayo. Najua wiki ya namna hiyo inavyokwenda pole pole. Mimi niliipitia: mizani ya 2 ilikuwa 83, ya 7 ilikuwa 79, ya 8 ilikuwa 76. Nilikuwa nimefiwa, silali, na baada ya kusoma ile karatasi peke yangu ndiyo usingizi ukapotea kabisa.

Tuanze na hilo jina, kwa sababu ndilo linalokutisha. Toleo la kwanza la kipimo hiki lilitungwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na Starke Hathaway na J. C. McKinley, likachapishwa 1943. Waliwapa kauli zilezile wagonjwa waliokwisha kujulikana maradhi yao na watu wa kawaida, wengi wakiwa ndugu na jamaa waliokuja kuwatazama wagonjwa hospitalini. Kauli ambayo kundi la wagonjwa liliijibu tofauti na wale wageni iliingizwa kwenye mizani ya kundi hilo, hata kama ukiisoma huoni inahusiana vipi na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mizani ya 8 haina kauli za skizofrenia tupu. Ina kauli 78, ndiyo ndefu kuliko zote, na ndani yake kuna upweke, kuhisi hueleweki na watu, kushindwa kutuliza akili, kukosa hamu ya kufanya lolote. Mtu mwenye huzuni nzito atajibu "kweli" kwenye nyingi ya hizo bila kudanganya hata moja. Isitoshe, kauli moja inaweza kuhesabiwa kwenye mizani zaidi ya moja, ndiyo maana huwa zinapanda pamoja. Wataalamu siku hizi wanasema "mizani ya 8" au "ya 4" kwa namba tu, kwa kuwa majina ni ya miaka ya 1940. Ya 7 bado inaitwa saikasthenia, neno ambalo leo hakuna daktari atakayekuandikia kama ugonjwa.

Sasa hiyo 74. Alama za T zimepangwa ili wastani wa watu uwe 50. Kwenye MMPI-2 mstari wa kuanza kutazama kwa makini ni 65 (kwenye toleo la zamani ulikuwa 70). Katika watu 100 wa kawaida, takriban 8 hufika 65 kwenye mizani kama hiyo. Kwa hiyo 74 ni alama ya kuzungumziwa, lakini haijasema bado ni kitu gani.

Mwanasaikolojia wangu hakugusa kabisa mizani ya 8 mwanzoni. Alifungua ukurasa wa mizani za uhalali, zinazoonyesha kama majibu yanaaminika, ule ambao mimi niliuruka. Kwanza aliangalia kauli nilizoacha bila jibu, maana zikifika 30 katika zile 567 kipimo kizima hakisomeki. Kisha mizani za VRIN na TRIN, zinazoonyesha kama ulijibu ovyo au ulikuwa unasema "kweli, kweli, kweli" bila kusoma. Kisha L, ya mtu anayejifanya hana kasoro hata ndogo. F yangu ilikuwa juu kidogo, na hapo akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Siku ile ulipojaza, ulikuwa na hali gani?" F ina kauli ambazo watu wachache sana huzikubali. Inapanda mtu akitia chumvi, lakini inapanda vilevile mtu akiwa ameelemewa kweli. Karatasi pekee haiwezi kutenganisha hao wawili.

Na K, mkuu, hii itazame kwako. K inapima jinsi mtu anavyojikinga asionekane mnyonge. Wakati wa kuhesabu, alama ghafi zote za K (yaani kabla hazijageuzwa kuwa alama za T) huongezwa kwenye mizani ya 7 na ya 8, na sehemu yake kwenye ya 1, ya 4 na ya 9. Kama K yako iko juu sana, basi sehemu ya hiyo 74 imetoka huko, haikutoka kwenye majibu yako ya mizani ya 8. Ripoti nyingi zina grafu ya pili isiyo na nyongeza ya K. Linganisha hizo mbili.

Kilichonitua mzigo hasa ni vijimizani vya Harris na Lingoes, vyenye majina ya waliovitunga, vinavyoigawa ya 8 katika mafungu sita. Langu la kujihisi mbali na watu lilikuwa juu sana. Lile la hisia za ajabu za mwili na fahamu lilikuwa la kawaida kabisa. Halafu akanionyesha mizani zilizopangwa upya mwaka 2003: RCd, inayopima kuvunjika moyo kwa jumla, ilikuwa juu, ila RC8, inayopima mang'amuzi yasiyo ya kawaida, haikufika hata 60. Yaani ule mlima wote wa mizani ya 8 ulikuwa msiba wangu. Kwako huenda ikawa vingine, siwezi kukusomea grafu nisiyoiona.

Nenda na karatasi yako, uulize mambo manne: uhalali ukoje, K imeongeza kiasi gani, mafungu ya Harris na Lingoes yamekaaje, na RCd ikilinganishwa na RC8. Na kama kweli unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au unafikiria kujidhuru, usingoje wiki ijayo wala usingoje grafu. Piga simu leo, waambie wakuone mapema.