Kuanza kazi ya PhD kabla ya usajili: kabla hujagusa data, soma hapa

Mleta mada ameuliza hivi: profesa amemkubali kwa mdomo, anamtaka aanze kazi sasa hivi kama "mwanafunzi wangu wa PhD", na usajili utafuata fedha za mradi zikiingia. Kuna ubaya gani? Wengi mmemjibu aanze tu, asije akapoteza nafasi. Sikubaliani nanyi.

Mkuu, chuo hakina mtu anayeitwa mwanafunzi asiyesajiliwa. Anayefanya kazi ndani ya chuo ni mwanafunzi, au mwajiriwa, au mtafiti mgeni, au mtu wa kujitolea mwenye barua. Usipokuwa mmoja wao, kazi yako itaonekana ila wewe hutaonekana, na likitokea lolote hakuna ofisi itakayosema unaihusu.

Tusichanganye hili na njia halali zilizo tofauti na zile tulizozizoea. Japani kuna uzamivu wa tasnifu pekee, ambapo mtu huwasilisha kazi yake bila kupitia programu ya masomo. Ujerumani kitivo huweza kumpokea mtu kuwa mtahiniwa wa udaktari, na kupokelewa huko si lazima kuwe sawa na kuandikishwa kama mwanafunzi. Uingereza baadhi ya vyuo hutunuku PhD kwa machapisho ambayo tayari yametoka. Kote huko kanuni imeandikwa na kitivo kina habari. Wewe unaelezwa mpango ambao msimamizi peke yake ndiye anaujua.

Kinachowaumiza wengi ni kibali cha maadili. Azimio la Helsinki, yaani mwongozo wa maadili wa Chama cha Madaktari Duniani, tangu marekebisho ya mwaka 1975 linataka itifaki (mpango ulioandikwa) ya utafiti wa tiba unaohusu watu ipitiwe na kamati huru. Kibali kinachotoka kwa kawaida kimefungwa kwa itifaki ile na kwa watafiti waliotajwa ndani yake. Usiyetajwa ukifanya mahojiano, ukichukua sampuli au ukifungua mafaili ya wagonjwa, huo ni ukiukaji wa itifaki hata kama kazi umeifanya vizuri kuliko wote. Tena fomu ya ridhaa ilimwambia mshiriki nani atazigusa taarifa zake, na jina lako halimo kwenye orodha hiyo. Kamati kwa kawaida haitoi kibali cha kurudi nyuma. Ndiyo maana mtu anasajiliwa baada ya miezi kadhaa, anafika kwenye tasnifu, anaambiwa data zile hazitumiki. Zimepotea, na muda wa washiriki umepotea nazo.

Dawa yake wala si ngumu: msimamizi apeleke ombi la marekebisho ya itifaki kuongeza jina lako, na aambatanishe wasifu wako na cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti. Jibu lije kwa maandishi kabla hujakutana na mshiriki wa kwanza. "Nimeshaongea na mwenyekiti wa kamati" si kibali.

Ndugu yake wa karibu ni mchezo wa nywila (password). Kwa kuwa huna akaunti ya chuo, utaambiwa utumie ya msimamizi au ya mwanafunzi mwingine. Kataa. Kumbukumbu za seva zitaonyesha kwamba yeye ndiye aliyefungua, aliyebadilisha na aliyefuta. Siku data zikionekana zimechezewa hutaweza kujitetea, na mwenye akaunti naye hataweza.

Maabara za kemikali na baiolojia zina la kwao. Bima ya chuo huandikwa kwa makundi ya watu wanaotambulika, na mafunzo ya usalama nayo hutolewa kwa orodha. Tindikali ikikumwagikia, ripoti ya ajali itaanza kwa kuuliza ulikuwa nani mle ndani. Kama uko nchi ya kigeni, ongeza suala la viza: ya mwanafunzi hutegemea usajili, na ya matembezi katika nchi nyingi haikuruhusu kufanya kazi, wakati mwingine hata isiyo na malipo.

Kuhusu jina kwenye makala, hapa nitawatetea wasiosajiliwa. Vigezo vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinavyofuatwa na majarida mengi ya tiba, ni vinne: mchango wa maana katika kazi, kushiriki kuiandika au kuihakiki, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwayo. Usajili haumo. Msimamizi anayesema "huwezi kuwa mwandishi kwa kuwa hujasajiliwa" anakudhulumu. Ila usijiandike kuwa mwanafunzi wa idara wakati siye. Andika mtafiti huru, au cheo kilichomo kwenye barua yako. Mgawanyo wa michango uandikeni mapema kwa kutumia majukumu 14 ya CRediT, orodha sanifu ya aina za michango katika utafiti, maana baada ya matokeo kupatikana kila mtu hukumbuka alifanya zaidi. Daftari lako la kazi liwe na tarehe kila ukurasa, lakini usibebe data ghafi za washiriki kwenda nazo nyumbani kama "ushahidi". Hilo ni kosa jingine kabisa.

Hataza (patent, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi) nayo inasahaulika. Mwanafunzi na mwajiriwa hufungwa na sera ya miliki bunifu ya chuo. Wewe mara nyingi hufungwi mpaka usaini. Inaonekana kama faida, hadi uvumbuzi unapokaribia kuombewa hataza na unaletewa fomu ya kuhamisha haki zako zote, usaini jioni hiyo hiyo. Usiisaini siku hiyo.

Kisha uliza kama miezi hii itahesabiwa. Vyuo vingi vina muda wa chini wa kuwa kwenye usajili, na ya kabla ya hapo kwa kawaida haihesabiwi. Ofisi ya masomo ya uzamivu ndiyo ya kuuliza, kwa barua pepe. Profesa anaweza kuwa anakumbuka kanuni za enzi zake.

Sidhani wasimamizi wote wanaofanya hivi ni wanyonyaji. Wengine dirisha la udahili limefungwa na wanataka kumsaidia kijana. Lakini kumwandika kama mwanafunzi kwenye ripoti ya mfadhili ni taarifa ya uongo, na kumlipa posho kwa kupitia jina la mtu mwingine ni udanganyifu wa fedha. Huruma haibadilishi hayo.

Kwa hiyo mkuu, kusoma machapisho, kuhudhuria semina na kuandika pendekezo la utafiti unaweza kuanza kesho, hakuna atakayekuuliza. Ukitakiwa kugusa data, washiriki, kemikali, funguo au fedha, omba kwanza barua ya ukurasa mmoja: cheo chako, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kazi zenyewe, saa kwa wiki, malipo au kutokuwepo kwake, bima, uandishi, miliki, na nini kitafuata udahili ukikosekana. Asaini mkuu wa idara, si msimamizi peke yake. Wakisema barua itachelewa, waambie utaendelea na pendekezo mpaka itoke.